Mapacha Niliosahau Kuwaandika

Vijana wangu, mliponialika kwenye ile semina yenu ya uandishi kule Ilemela, hotelini, tukakalishwa kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, kijana mmoja alisimama. Alikuwa amevaa kofia ya sufu, jua la saa saba mchana. Akaniuliza: "Mzee Idrisa, msukumo wako wa kuandika ulikuwa unatoka wapi?"

Nikamjibu: "Kigongo."

Vichwa vikainama, kalamu zikaandika. Nilimsikia binti mmoja akimnong'oneza mwenzake kama huyo Kigongo alikuwa mwandishi wa nchi gani. Sikuwasahihisha. Sambusa zilikuwa zimeshaletwa, na mimi mbele ya sambusa za semina sina ubishi na mtu.

Leo nawasahihisha. Kigongo ni pale pantoni ilipokuwa inavusha watu na magari kwenda Busisi, njia ya Sengerema na Geita, kabla ya daraja. Ninyi siku hizi mnapita juu, vioo mmefunga, mnapiga picha za maji, mmeshafika ng'ambo. Mimi nilikaa pale chini kila Jumanne ya maisha yangu ya kazi. Hadithi zangu za mfululizo, zile ambazo baba zenu walikuwa wanazisoma kwenye gazeti letu la kila wiki, Mungu alilaze pema, niliziokota zote pale kwenye foleni. Na kuna kitu kibaya nilikiacha pale.

Mwezi uliopita nimekaa zangu Mabatini, nimestaafu, najipaka dawa ya magoti, simu ikaita. Sauti ya mwanamke.

"Shikamoo Mzee Idrisa."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Shija, wa Mama Shija wa Kigongo. Mzee, naomba uje umfungue mama yangu pale ulipomfunga."

Mama Shija alikuwa akiuza chai na samaki wa kukaanga pale kivukoni. Daraja lilipofunguliwa na pantoni ikaondoka, wenzake wote walibeba meza na makarai wakapanda barabarani. Yeye alibaki. Yuko peke yake kule chini, kwenye kibanda chenye mlango wa bluu, kwenye njia ambayo hata mbuzi hawapiti. Mwanae Shija ana duka la vyombo vya plastiki pale Usagara, njia panda, na amemjengea mama chumba kizuri nyuma ya duka. Mama hataki kuhama. Ameshaanguka mara mbili kwenye mawe akichota maji, na mara ya pili alilala pale hadi mvuvi mmoja alipomwona. Kila akiulizwa sababu anajibu hivi: "Idrisa alishaandika kwamba nipo hapa."

Ni kweli niliandika. Na ili mjue ilikuwaje, lazima nianze na kuku.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na ujinga kama wenu. Nilinunua daftari zuri lenye jalada gumu, nikachomeka kalamu mbili mfukoni, nikashuka Kigongo kutafuta maisha ya watu. Nikasimama katikati ya foleni, nikafungua daftari, nikatazama watu. Loh! Foleni nzima ikanyamaza. Mwanamke mmoja alikalia gunia lake la samaki. Mzee mmoja akaanza kueleza, bila kuulizwa, kwamba ng'ombe wale si wake. Na kijana wa dagaa akanijia taratibu, akanipa kifurushi, akasema, "Chukua kitoweo, afisa, tuishi vizuri." Nilirudi nyumbani na dagaa, bila neno hata moja kwenye daftari. Mke wangu Zuhura alizipokea dagaa akasema kazi hii ya uandishi inaonekana ina riziki.

Nilitafakari wiki nzima, nikapata jibu. Mtu aliyebeba kuku hashukiwi na mtu yeyote duniani. Hawezi kuwa afisa, hawezi kuwa askari, hawezi kuwa msomi. Jumanne iliyofuata nikashuka na kuku mweupe kwapani, tetea, mpole, nikavuka naye Busisi na kurudi. Watu walizungumza mbele yangu kama vile sipo. Nilirudi na talaka mbili, ugomvi wa mipaka ya shamba, na bwana harusi aliyekimbia akiwa na viatu vya kuazima. Yote hayo nikiwa nimembeba kuku tu.

Andikeni hilo, kwa sababu kwenye semina hawawafundishi. Na lingine: ukitaka habari, usiulize. Lalamika. Ukimwuliza mtu "habari za maisha," atakwambia nzuri, na hapo mmemaliza. Lakini ukikaa ukasema, "Ee, magoti haya yataniua," jirani yako wa kushoto atakupa ugonjwa wa mama mkwe wake, wa kulia atakupa mganga aliyemlia mbuzi, na wa nyuma atawakatiza wote wawili kwa sababu yake ni kubwa zaidi.

Aliyenigundua ni mtu mmoja tu. Nilikuwa nakunywa chai kwenye meza ya mwanamke mmoja mrefu, mweusi, mwenye macho yasiyopepesa. Alinitazama, akamtazama kuku, akanitazama tena.

"Baba, samahani. Huyu kuku wako kwani hauziki?"

"Namtafutia mteja, mayu," nikamjibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Mwaka wa pili huu unamtafutia mteja. Anavuka kila Jumanne. Mimi naona sasa anaweza kuendesha pantoni mwenyewe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo akawa rafiki yangu, na akawa anajua kazi yangu. Huyo ndiye Mama Shija. Hakujua kusoma, lakini gazeti likifika, karani wa tiketi alipanda juu ya kreti la soda akaisoma hadithi yangu kwa sauti, akiigiza kila mtu, hadi mabibi. Niliona kwa macho yangu watu wakikataa kupanda pantoni kwa sababu karani alikuwa hajamaliza. Nahodha anapiga honi, watu wanampigia kelele atulie.

Nisijisifu lakini. Aliyenifanya mwandishi ni mhariri wetu, Mzee Kamugisha, Mhaya mmoja mwenye suti ya kijivu, alikuwa nayo hiyo hiyo tu. Nilimpelekea hadithi ya kwanza nikiwa nimejaa kiburi. Aliisoma kimya, akaiweka mezani.

"Idrisa, hadithi hii inachukua siku ngapi?"

"Siku moja, Mzee."

"Ukurasa wa kwanza jua limezama mara tatu."

Nikaanza kumweleza uzuri wa jua la ziwani likishuka kwenye mawe yetu. Akaniinulia mkono. "Jua linazama bure, kila mtu analiona akitoka nje. Watu hawatatoa pesa yao walisome. Niambie, mtu wako anataka nini? Na nani anamzuia?" Akalifuta jua lote kwa wino mwekundu. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumpitishia jua moja. Nilijaribu mbalamwezi, akaifuta pia.

Kwenye semina yenu kijana mmoja alinionyesha ile akili mnemba, mashine inayoandika hadithi kwenye simu. Akaiambia iandike kuhusu Mwanza. Kabla sijavaa miwani vizuri ilikuwa imemaliza. Jua lilikuwa linazama sentensi ya kwanza. Nilimpigia makofi, lakini nilisikitika sana kwamba Mzee Kamugisha ameshakufa.

Nyumbani nako nilikuwa na kipimo changu. Nilikuwa namsomea Zuhura akiwa anasonga ugali. Akiendelea kusonga, nilijua hadithi ni maji. Akisimama, mwiko umebaki hewani, nilijua nimepata. Sehemu iliyounguza ugali ndiyo iliyokwenda gazetini. Tatizo ni kwamba alikuwa akijitafuta mle ndani. "Yule mchawi wako wa wiki hii," aliniambia siku moja, "mbona anafunga kitenge kama changu? Na mbona anapika pilau nzuri hivyo? Idrisa, unanisema." Nikamwambia mchawi ni wa kubuni. Akasema basi na chakula cha leo ni cha kubuni. Nililala na njaa, na wiki iliyofuata mchawi akaokoka.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Nilianza hadithi ya mfululizo kuhusu msichana anayetaka kuolewa na fundi wa pantoni, na mjomba wake anataka aolewe na mzee mwenye ng'ombe. Msichana nikampa jina Shija. Kwa nini Shija? Kwa sababu Jumanne moja nimekaa na kuku wangu, Mama Shija alimwita binti yake mdogo amletee maji, "Shijaaa!", na sauti ile ilivuka juu ya maji vizuri sana. Basi. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu alikuja na cherehani kutoka Tabora, akaoa, tukazaliana Mwanza. Nimeishi na Wasukuma tangu nazaliwa, nikajifanya najua kila kitu chao, na kumbe nilikuwa najua kula michembe tu, vile viazi vyao vitamu vya kukausha.

Wiki ya tatu barua zikaanza kuingia. Ya kwanza: "Mwandishi, hongera. Swali: Kulwa na Doto wako wapi?" Ya pili vilevile. Ya kumi vilevile. Nikampelekea Mzee Kamugisha, naye akazigeuza juu chini. Yule mama aliyekuwa anapanga kurasa zetu, Msukuma wa Kwimba, akatutazama wote wawili, akacheka hadi akashika meza.

"Jamani! Nyie wasomi wawili mnataka kuniambia hamjui?"

Akatueleza. Kulwa na Doto ni mapacha, hilo kila mtu anajua. Lakini mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha ndiye anaitwa Shija. Jina hilo mtu hajipi kwa kulipenda. Ukimwita msichana Shija umeshasema kwamba mama yake alitangulia kuzaa mapacha. Na mimi mapacha sikuwa nao. Ilikuwa sawa na kuandika habari za mjane ambaye hajawahi kuolewa.

"Mapacha wako wapi?" Mzee Kamugisha akaniuliza.

"Hawapo, Mzee. Niliwasahau."

Akafikiri. "Basi usiseme neno. Nyamaza. Hawa wasomaji wanakufanyia kazi yako."

Nikanyamaza, na gazeti likawa linagombaniwa. Kule kwenye foleni kulikuwa na makundi. Wengine walisema yule mzee mwenye ng'ombe ndiye Kulwa mwenyewe, amejificha. Wengine walisema Doto yuko chini ya ziwa na ndiye anayesukuma pantoni. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniandikia kurasa sita akisifu "ukimya wangu wenye kina kirefu." Ukimya wangu ulikuwa ujinga mtupu, lakini barua ile niliihifadhi, na wageni wakija niliiacha mezani kana kwamba nimeisahau. Nikaanza kutembea polepole. Nikanunua miwani ambayo sikuihitaji.

Jumanne moja Mama Shija alisubiri hadi watu wote wakapanda. Akafuta meza, akakaa mbele yangu. Hakuwahi kukaa.

"Baba, umejuaje?"

"Nimejua nini, mayu?"

"Kwamba Doto wangu yuko hai."

Akanieleza, bila machozi. Alizaa mapacha wa kiume. Kulwa alikufa kwa surua hajaanza kutembea. Doto akakua. Watu walikuwa wanamwita Mama Kulwa, akakataa, akasema wamwite kwa jina la aliyefuata. Doto alipokuwa kijana akagombana na baba yake, ugomvi wa hovyo wa asubuhi moja, akachukua shati lake na koleo akaenda machimboni Geita. Alivukia hapo hapo Kigongo. Mama alimfuata hadi majini. Doto akamwambia, "Rudi nyumbani mama, nitarudi, nitakukuta hapa hapa." Baba yake alikufa, na mama akahamishia meza yake ya chai kivukoni ili amngojee.

"Sasa wewe," akaniambia, "umemweka Shija wiki kumi na moja, na Doto hujamuua. Mtu asiye na habari zake angeshamuua. Una habari zake. Niambie."

Vijana wangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema: mayu, nisamehe, jina nililisikia ulipokuwa unaomba maji, mimi sijui lolote. Maneno machache tu. Lakini nilikuwa na miwani mipya na ukimya wenye kina kirefu. Nikamtazama, nikakohoa, nikasema: "Subiri hadithi iishe."

Naona aibu hadi leo. Niliona mwanga ukimwingia usoni, na nikauacha uingie.

Mzee Kamugisha kwa upande wake alikuwa na mpango. "Doto afe," akasema. "Toleo la mwisho, anarudi nyumbani, anazama akiuona mlango wa mama yake. Watalia hadi Bukoba." Nikaandika. Niliandika vizuri kupita chochote nilichowahi kuandika. Zuhura aliunguza ugali hadi majirani wakauliza. Nikazikunja zile kurasa mfukoni, na kwa kuwa ilikuwa Jumanne, nikapitia Kigongo kwanza.

Nikakuta Mama Shija amepaka mlango wa kibanda chake rangi ya bluu. Bluu kali, mikono yake bado ina rangi. Akaniwekea sato mzima mezani.

"Nimepaka ili asipotee," akasema. "Zamani hapa hapakuwa na vibanda vingi. Atachanganyikiwa."

Sato yule sikummaliza. Nilirudi mjini, nikachana kifo cha Doto, na usiku haukuingia kabla sijaandika mwisho mwingine. Niliandika kwamba Doto yuko hai, mahali fulani kwenye machimbo, na kwamba mama yake hana hasira naye. Nikaandika ukishuka kwenye pantoni Kigongo, kibanda cha kwanza kushoto, mlango wa bluu. Na nikamalizia: mama yupo hapo hapo, na hatahama hadi Doto arudi.

Mzee Kamugisha aliisoma mara mbili.

"Idrisa, huu si mwisho wa hadithi. Hili ni tangazo."

"Ndiyo, Mzee."

Alinitazama sana. Sikumwambia lolote, lakini nadhani alielewa. Akalichapa, baada ya kufuta jua moja ambalo nilikuwa nimelificha mwishoni.

Wiki mbili baadaye Doto akaja. Amevaa kofia ya machimboni, anauliza mlango wa bluu. Mama Shija akatoka. Hakuwa yeye. Alikuwa Doto wa watu wa Magu, alisomewa gazeti kule shimoni akadhani ni mama yake amemtangaza. Kisha akaja Doto wa Misungwi. Kisha wawili pamoja. Si mnajua Usukumani, kila kijiji kina Doto wake, na inaonekana nusu yao walikuwa machimboni na wamegombana na baba. Mama Shija aliwapokea wote. Aliwakaangia samaki, akawauliza kama wamemwona Doto mwenzao, akawaamuru waende kwa mama zao siku hiyo hiyo. Akina mama wa Magu na Kwimba wakaniletea michembe kwa magunia. Mhubiri mmoja akataka nikatoe ushuhuda. Zuhura kwa mara ya kwanza akakubali kwamba nafanya kazi.

Walirudi akina Doto wengi. Wa Mama Shija hakurudi. Nami nikaandika hadithi nyingine, na nyingine, kuku akafa kwa uzee, Zuhura akakataa kumpika kwa kuwa alikuwa mfanyakazi mwenzangu, gazeti nalo likafa, nikastaafu. Sikuwahi kumwambia ukweli.

Ndiyo maana Shija aliponipigia simu mwezi uliopita nilivaa viatu.

Nilimkuta Mama Shija amekaa kwenye benchi lake, amezeeka kama mimi, karai la samaki lipo jikoni na wateja hakuna. Mlango wa bluu bado. Shija alikuwa amesimama pembeni na gari dogo la mizigo la kukodi, amenuna.

"Idrisa," Mama Shija akasema, "kuku yuko wapi?"

"Alikufa, mayu."

"Pole. Alikuwa mvumilivu."

Nikakaa. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, maana nilijua nikipumzika nitaanza kupamba. Kwamba sikuwa na habari za Doto. Kwamba jina la Shija nililiokota kwa sauti tu. Kwamba sikujua hata maana yake. Kwamba nilinyamaza kwa kiburi.

Akaendelea kupepea inzi. "Najua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu yule Doto wa Magu. Ungekuwa na habari ungeanza na wa kwangu."

Shija akaruka. "Sasa mama! Kama unajua, unakaa hapa kufanya nini?"

"Wewe tulia." Akanigeukia mimi. "Habari hukuwa nazo, sawa. Lakini ulimwambia. Gazeti lilifika machimboni, wale wote walisikia. Na wangu kama alisikia, alisikia kwamba nipo hapa na sitahama. Uongo ulikuwa wako, Idrisa, lakini mahali ni pangu. Sasa nikihama, akija atamkuta nani?"

Shija akageuka kutazama maji. Mimi nikautazama ule mlango.

"Basi tumwambie umehama," nikasema.

"Kwa gazeti gani? Lako si limekufa?"

"Kwa mlango wenyewe."

Shija alikwenda kutafuta rangi nyeupe kwa mafundi wa mitumbwi. Mimi nikakaa na kipande cha boksi kuandika rasimu, na Mungu anisamehe, damu ya kazi ikachemka. Nikamsomea: "Ewe Doto, mwana wa maji na mawe, sikia sauti ya yule aliyekubeba..."

"Umeanza," Mama Shija akasema. "Toa hiyo."

Nikatoa. Nikamsomea nyingine. Akasema toa "mpendwa," Doto atadhani ni barua ya serikali. Nikatoa. Akasema toa kule kuanguka kwenye mawe, asije akakimbia njiani. Nikatoa. Mzee Kamugisha angempenda mwanamke huyu. Mwisho tukabaki na haya, nikayaandika mlangoni kwa herufi kubwa, magoti yananiuma:

DOTO. MAMA YUPO USAGARA KWA SHIJA, DUKA LA VYOMBO. HANA HASIRA. NJOO.

Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba tena. Kisha akanyanyuka, akamwaga mafuta ya karai, akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari, na akakaa mbele bila kusaidiwa. "Wabeja, Idrisa," akasema, ndiyo asante ya kwao, na akaniambia hadithi hii nimeiandika vizuri. Nililia pale pale, mzee mzima, na wala sikugeuza uso.

Tangu hapo nashuka Kigongo kila Jumanne na kopo la ile rangi nyeupe, kutazama kama mvua imefuta rangi. Wavuvi wawili watatu wananisalimia. Jumanne iliyopita niliona kitu kwa mbali chini ya maandishi yangu, nikadhani ni tope. Nikasogea. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, mwandiko mbaya wa mtu asiyeandika mara kwa mara: *Doto yupi?*

Nikauliza wavuvi. Hakuna aliyemwona aliyeandika. Nilifikiria kuandika jina la baba yake, jina la kijiji, jina la Kulwa. Akina Doto wengine nao wana baba, wana vijiji, wana Kulwa. Nikafungua kopo, na chini ya ule mkaa nikaandika kitu ambacho kwenye hadithi yangu hakikuwamo, wala karani hakuwahi kukisoma, kwa sababu aliambiwa mama yake peke yake, siku ile majini:

YULE ALIYESEMA, "NITAKUKUTA HAPA HAPA."

Kopo la rangi nimeliweka uvunguni. Zuhura analalamika harufu, lakini leo ni Jumatatu, na ameshanitolea viatu vyangu mlangoni.